Kibahasha cha "moja mara tatu": dawa za kipandauso kwenye maduka ya Tanga

Ingia duka lolote la dawa Ngamiani, sema, "Dada, nipe ya kichwa," na utatoka na kibahasha cha karatasi. Ndani mna vidonge vilivyokatwa kwa mkasi, juu pameandikwa kwa kalamu 1x3. Moja mara tatu, siku tano. Kwa jino au kwa mgongo maagizo hayo yana maana yake. Kwa kipandauso yanakosea mara mbili. Shambulio lisilotibiwa hudumu saa 4 mpaka 72, na dawa yake inatakiwa iingie kwa dozi kamili mwanzoni kabisa. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku hakifikii kiwango cha kulizima. Kisha hizo siku tano: mwenye mashambulio manne kwa mwezi anafikisha siku 20 za vidonge, na hapo dawa yenyewe huanza kuzaa maumivu ya kichwa.

Kwa hiyo ninaanza na kibahasha kabla ya jina la dawa. Kipandauso sugu ni kuumwa kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, na angalau siku 8 kati ya hizo ziwe na sura ya kipandauso chenyewe: maumivu ya kupwita, mara nyingi upande mmoja, yanayozidi ukipanda ngazi, pamoja na kichefuchefu au kushindwa kuvumilia mwanga na kelele. Mtu wa namna hiyo ana maswali mawili kila anapofika kaunta. Dozi hii inatosha kulikata shambulio la leo? Na leo ni siku ya ngapi ya kumeza dawa mwezi huu? Kila kinachouzwa nimekipima kwa maswali hayo mawili.

Vinavyokaa mbele ya kaunta

Panadol Extra ndiyo inayoombwa kwa jina. Kila kidonge kina parasetamoli miligramu 500 na kafeini 65, basi viwili ni parasetamoli 1,000 na kafeini 130. Kwa anayepata shambulio moja au mawili kwa mwezi ni dawa nzuri, kwa sababu kafeini huiongezea parasetamoli nguvu. Kwa mwenye kipandauso sugu naiweka chini kabisa ya rafu. Dawa ya maumivu ya aina moja, kama parasetamoli peke yake au ibuprofeni peke yake, huanza kuleta maumivu ya kichwa ya dawa ikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu. Dawa za mchanganyiko hufika hapo kwa siku 10 tu. Zinazohesabiwa ni siku, wala si vidonge: aliyemeza kimoja na aliyemeza sita wote wametumia siku moja.

Na Tanga kafeini haitoki dukani peke yake. Muuza kahawa hupita barazani asubuhi na jioni, vikombe vidogo lakini kahawa chungu kwelikweli, na kashata ya kusindikizia. Aliyezoea vikombe vitano akavikosa siku moja ataumwa kichwa kwa kukosa kafeini, ameze kidonge chenye kafeini, apate nafuu, aseme dawa imemponya kipandauso. Kesho yake mzunguko unaanza upya. Anayetaka kujua kidonge kinamsaidia kweli aiweke kahawa kwenye kiwango kilekile kila siku, kikombe kimoja au viwili, saa ileile, hata Jumapili.

Diklofenaki iliyochanganywa na parasetamoli, ambayo wengi huiita diklopa, nayo ni mchanganyiko, nayo kikomo chake ni siku 10. Hatari yake nyingine ni kwamba mtu huimeza, akiona saa moja imepita bila nafuu, anaongeza ibuprofeni juu yake. Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu wa tumbo moja. Kuzimeza pamoja hakuongezi nafuu ya maana, kunaongeza vidonda vya tumbo na mzigo kwa figo. Mwenye presha, mwenye figo dhaifu, mwenye vidonda vya tumbo na mjamzito aliyevuka wiki ya 20 hawafai kuuziwa hizi kwa kibahasha.

Sasa dawa za aina moja. Mapitio makubwa ya majaribio yamehesabu ni watu wangapi kati ya 100 wanaokuwa hawana maumivu kabisa saa mbili baada ya dozi moja. Ibuprofeni miligramu 400 ni 26. Aspirini ya 900 mpaka 1,000 ni 24. Diklofenaki 50 ni 22. Parasetamoli 1,000 ni 19. Kidonge cha bandia kisicho na dawa kilifikisha kati ya 10 na 12. Zipime namba hizo kwa utulivu: dawa bora ya kaunta inawaacha watu watatu kati ya wanne bado na maumivu ya kiasi fulani saa mbili baadaye. Baadhi ya hao maumivu yao hushuka kutoka makali hadi ya kuvumilika, lakini hayaishi. Anayeona dawa "haifanyi kazi" hajarogwa, wala kichwa chake si cha ajabu.

Kwa hiyo chaguo langu la kwanza dukani ni ibuprofeni. Tatizo la kaunta ni kipimo. Vidonge vingi ni vya miligramu 200, na kibahasha cha 1x3 kinampa mtu 200 kwa mara moja, nusu ya dozi iliyopimwa kwenye kipandauso. Omba hivi: "Dada, nataka ibuprofeni, dozi moja ya 400, si ya siku tano." Ukipewa vya 200, viwili kwa pamoja, na kitu tumboni, hata kipande cha mkate, mara tu unapotambua kwamba hiki ni kipandauso. Kusubiri "nione kama kitatulia chenyewe" ndiko kunakoharibu dozi nyingi kuliko uhafifu wa dawa.

Aspirini ni ya pili, na inadharauliwa bila haki. Angalia maandishi: ya miligramu 300 unahitaji vitatu, vikamumunyike kwenye maji nusu glasi kabla ya kunywa. Ile ya miligramu 75 ni ya wagonjwa wa moyo na haitafaa kitu hapa. Asipewe mtoto wa chini ya miaka 16. Na kwa pwani yetu kuna sharti jingine: kichwa kikija na homa, weka kando aspirini, ibuprofeni na diklofenaki mpaka upimwe. Mwaka 2019 homa ya dengi ilipolipuka, Tanga ilikuwa kati ya mikoa iliyoguswa, na dawa hizo huongeza hatari ya kutoka damu kwa mwenye dengi. Kichwa chenye homa ni cha kipimo cha malaria na cha daktari kwanza, na parasetamoli pekee ndiyo ya kushikia. Parasetamoli nayo ina ukomo: gramu 4 kwa saa 24 kwa mtu mzima, yaani vidonge 8 vya 500, na hapo hesabu pia iliyojificha kwenye dawa ya mafua.

Kuhusu vidonge vilivyokatwa kwa mkasi: tarehe ya mwisho wa matumizi kwa kawaida huchapwa upande mmoja tu wa karatasi. Ukipewa kipande kisicho na tarehe, omba kuonyeshwa karatasi yote. Muuzaji mwaminifu hakasiriki.

Jambo linaloachwa na karibu kila kibahasha ni tumbo. Wakati wa shambulio tumbo hupunguza mwendo, dawa hukaa pale bila kufyonzwa, halafu inatapikwa. Ndiyo sababu kidonge kilichofanya kazi vizuri mwezi uliopita kinashindwa leo: leo kimechelewa, kimekuta tumbo limeshalala. Metoklopramidi miligramu 10 huliamsha tumbo na kutuliza kichefuchefu. Imezwe pamoja na dawa ya maumivu au dakika chache kabla yake. Ni dawa ya cheti cha daktari, na kuna sababu. Vijana hasa wanaweza kupata mkazo wa misuli ya shingo, taya na macho saa chache baada ya kuimeza, hali inayotisha lakini yenye tiba hospitalini. Isitumike kila siku. Tangawizi husaidia kichefuchefu chepesi, ila haichukui nafasi yake.

Nyuma ya kaunta, kwa mfamasia

Duka la dawa muhimu lina orodha yake fupi ya dawa linazoruhusiwa kuuza, na kwa sehemu hii ya safari utalazimika kwenda phamasi yenye mfamasia. Hapo unaulizia sumatriptani, na uitaje kwa jina la dawa, kwa kuwa majina ya viwanda hubadilika kila shehena. Si kila phamasi huiweka. Piga simu kwanza kabla ya kupanda bodaboda na kichwa kinadunda.

Sumatriptani ilianza kuuzwa Ulaya mwaka 1991, na ilitengenezwa kwa ajili ya kipandauso tu. Haifai mgongo wala jino. Kwa kipimo kilekile cha saa mbili, ya miligramu 50 iliwamalizia maumivu watu 28 kati ya 100, na ya 100 watu 32. Utaona kwamba haiipiti ibuprofeni kwa mbali sana, na bei yake kwa kidonge ni ya juu zaidi. Thamani yake iko kwa wale ambao ibuprofeni na aspirini, kwa dozi kamili na kwa wakati, zimeshindwa mara tatu. Kwa baadhi ya hao, hiki ndicho kidonge kinachowarudisha kazini siku hiyohiyo.

Kinachoharibika mara nyingi ni saa ya kumeza. Wale wanaoona mistari ya kumeremeta au giza la vipande machoni kabla ya maumivu, dakika 5 mpaka 60, wasiimeze wakati wa vimulimuli. Waisubiri dakika ya kwanza ya maumivu. Ikisaidia kisha maumivu yakarudi, dozi ya pili inaruhusiwa baada ya saa mbili. Isiposaidia kabisa, ya pili haitasaidia shambulio hilohilo, ni fedha inayopotea. Kubanwa shingoni au kifuani, joto na kuchomachoma kwa muda mfupi ni kawaida yake, lakini mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi au mwenye presha isiyodhibitiwa asiiguse, kwa maana inabana mishipa ya damu. Kikomo chake ni chini ya siku 10 kwa mwezi.

Ergotamini na kafeini, dawa kongwe, naishusha daraja bila kusita. Inaongeza kichefuchefu, inaleta maumivu ya dawa upesi, na haichanganyiki na sumatriptani ndani ya saa 24. Kubwa zaidi: ikikutana na ritonavir, inayokuwemo kwenye baadhi ya mipango ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, au na antibiotiki kama erithromisini na klarithromisini, hukaa mwilini kupita kiasi na kubana mishipa mpaka vidole na miguu vikose damu. Anayetumia ARV amwambie mfamasia kwa sauti ya chini, lakini amwambie.

Tramadoli na kodeini sizipendekezi kabisa kwa kipandauso. Zinatuliza kidogo, zinateka haraka, na zinaharibu mwitikio wa dawa nyingine.

Mwanamke mwenye kipandauso cha vimulimuli anayetumia vidonge vya majira aangalie aina. Vyenye estrojeni huongeza hatari ya kiharusi kwa mtu wa namna hiyo, na kituo cha uzazi wa mpango kina njia nyingine zisizo na homoni hiyo.

Visivyomezwa

Barafu ndiyo kitu cha bei nafuu kuliko vyote humu, nayo inafaa. Kifuko cha jeli kinachouzwa phamasi kina faida moja: hujikunja kufuata shingo. Hakina nguvu kuliko barafu ya kawaida iliyopondwa, hata ile ya wauza samaki wa Deep Sea, ikitiwa kwenye chupa au mfuko usiovuja. Ifunge kwa kipande cha kanga mara mbili, iweke mbele ya shingo pande zote mbili pale mapigo yanaposikika, au nyuma ya kichwa, dakika 15 mpaka 20, kisha uondoe. Barafu tupu juu ya ngozi inaunguza. Umeme ukikatika usiku, kifuko cha jeli huwahi kulegea, kwa hiyo ukiwa na viwili kiweke kimoja ndani ya chupa pana ya chai badala ya friji.

Bamu za mentoli hupoza ngozi na kumpa mtu kitu cha kushika. Zipakwe kwenye paji na kando ya kichwa, mbali na macho. Ila kwa wengine harufu yenyewe ndiyo mchokozi. Hapa kwetu, ambapo chumba hufukizwa udi kabla mgeni hajafika, harufu kali ni jambo la kuzungumzwa nyumbani waziwazi: siku ya shambulio chetezo kikae uani. Hilo halimvunjii mtu heshima. Miwani ya jua nje, kwenye mwanga mweupe wa Raskazone saa sita za mchana, ina maana. Kuivaa ndani ya nyumba siku nzima kunazoesha macho giza, na mwanga mdogo kabisa huanza kuchoma.

Hijama, yaani kuumikwa kwa vikombe na kutolewa damu, ina wateja wengi Tanga. Ushahidi wake kwa kipandauso ni dhaifu, na wanaopata nafuu siwezi kuwakatalia nafuu yao. Ninachopima ni usafi. Wembe ufunguliwe mbele yako, vikombe viwe vya mtu mmoja na kutupwa, mhudumu avae glovu, na chombo cha vitu vyenye ncha kali kiwepo. Kikikosekana kimoja, ondoka. Homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI hupita kwenye wembe. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asichanjwe. Unga wa kunusa au wa kulamba usio na lebo, hata ukisifiwa namna gani, usiununue. Unga usioandikwa kilichomo unaweza kuwa umechanganywa steroidi au diklofenaki, na hapo hesabu yako yote ya siku inavurugika bila wewe kujua.

Dawa ya kila siku

Hapa ndipo mwenye kipandauso sugu alipopaswa kuanzia, na ndipo kaunta haiwezi kumfikisha. Akiwa na siku nne au zaidi za shambulio kwa mwezi, daktari humfikiria dawa ya kuzuia. Mpelekee ushahidi: kalenda ya ukutani, nukta kwa siku ya kuumwa, msalaba kwa siku ya dawa, wiki nne zinatosha. Karatasi hiyo, ukiwa hospitali ya Bombo au zahanati ya mtaani, hufupisha maswali mengi.

Propranololi na amitriptilini ni dawa za zamani, za bei ya chini, na zote mbili zina rekodi nzuri. Propranololi huanzwa kidogo na kupandishwa, wengi huishia miligramu 80 mpaka 160 kwa siku. Mwenye pumu haipewi. Amitriptilini huanzwa miligramu 10 usiku na kupandishwa polepole. Inakausha mdomo na kuleta usingizi, kwa hiyo imezwe saa moja au mbili kabla ya kulala, na inamfaa zaidi asiyelala vizuri. Flunarizini huongeza uzito na inaweza kumzamisha mtu kwenye huzuni. Topiramati hupunguza uzito, huleta ganzi vidoleni na kupoteza maneno katikati ya mazungumzo. Huanzwa 25 usiku na kupanda 25 kila wiki mpaka 50 mara mbili. Topiramati na valproati, dawa nyingine ya kuzuia, zina hatari kwa mimba, na mwanamke aliye kwenye umri wa kuzaa aambiwe hivyo kabla cheti hakijaandikwa.

Watu huziacha mapema. Kila moja inahitaji wiki 8 mpaka 12 kwenye dozi yake kamili kabla ya kuhukumiwa, na mafanikio ni siku za maumivu kupungua kwa nusu, kutoka 16 hadi 8, si kutoweka. Anayezitumia huku akiendelea na vidonge vya maumivu siku 20 kwa mwezi anaijaza ndoo yenye tundu. Kuacha vidonge hivyo kunauma: kwa kawaida siku 2 mpaka 10 kichwa huzidi, kisha hushuka. Panga siku hizo, mwombe jirani au dada akushikie watoto, na usikate tramadoli au kodeini ghafla bila daktari.

Mwezi wa Ramadhani una mpango wake. Anza kupunguza kahawa wiki mbili kabla, kikombe kimoja kila baada ya siku chache. Amitriptilini ya usiku haigongani na saumu. Wengine huandikiwa naproksini miligramu 500 wakati wa daku kwa siku zile za kwanza, kwa sababu hukaa mwilini muda mrefu kuliko ibuprofeni; hiyo pia ihesabiwe kwenye siku zako.

Kuna vichwa visivyopaswa kusimama kaunta hata dakika moja: maumivu yaliyolipuka na kufika kileleni ndani ya dakika moja, shingo ngumu yenye homa, udhaifu wa upande mmoja au maneno kukwama, degedege, kichwa kipya kwa aliyevuka miaka 50, na kichwa kikali kwa mjamzito au aliyejifungua karibuni, hasa macho yakiona ukungu, kwa kuwa hicho kinaweza kuwa kifafa cha mimba kinachokuja. Hao ni wa hospitali, usiku huohuo.

Kwa anayetumia propranololi, jambo la mwisho ni la ununuzi. Haikatwi ghafla, moyo hurudi kwa kasi na presha hupanda. Karatasi ya mwezi ujao inunuliwe vikiwa vimebaki vidonge vya wiki moja, na cheti kipigwe picha kwenye simu, ili siku phamasi ya kwanza itakapokosa uende ya pili ukiwa na jina na dozi mkononi.